Sadaka Njema Haifuatwi na Masimango

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mpaji asiyechoka kutoa wala asiyepungukiwa na hazina. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu wapenzi, mama zetu, baba zetu na vijana wetu, tumekusudia wiki hii kuzungumza juu ya ukarimu. Twajua kwamba jambo hili si geni masikioni mwenu. Sisi watu wa pwani tumelelewa juu yake. Wazee wetu walitufundisha kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na wakatuonyesha kwa vitendo, kwa sahani iliyofunikwa kawa ikipita kutoka mlango mmoja hadi mwingine adhana ya Magharibi inapokaribia. Kwa hivyo hatutakaa sana kuhimizana kutoa. Twataka kuzungumza juu ya kile kinachokuja baada ya kutoa, yaani maneno ya ulimi na macho ya watu. Hapo ndipo wengi wetu tunapoyapoteza malipo tuliyokwisha kuyapata.

Ukarimu na heshima ni mamoja

Neno letu ukarimu limetoka katika lugha ya Kiarabu, na miongoni mwa majina matukufu ya Mola wetu ni Al-Karim. Katika lugha hiyo, karimu si mtoaji peke yake, bali ni mwenye utukufu na mwenye kutukuza wengine. Asili hiyo hiyo ndiyo iliyotupatia maneno karamu, takrima na karama. Na pale Mwenyezi Mungu alipotueleza katika Suratul Israi, aya ya 70, kwamba amewatukuza wanadamu wote, alitumia neno la asili hiyo hiyo.

Tukilizingatia jambo hili, twapata kipimo kilicho wazi. Mtu anayetoa kwa namna inayomvunjia heshima aliyepewa, hata akitoa mali nyingi kiasi gani, hajawa karimu. Amempa mwenziwe chakula kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili amemnyang'anya utukufu aliopewa na Muumba wake. Na mwenye njaa akishashiba kwa siku moja, njaa humrudia, lakini fedheha aliyotiwa mbele ya watu huenda akaishi nayo maisha yake yote.

Mbegu na jabali

Katika Suratul Baqarah, kuanzia aya ya 261, Mwenyezi Mungu ametupigia mifano miwili inayofuatana. Wa kwanza ni mfano wa mbegu moja inayoota mashuke saba, na kila shuke lina punje mia moja. Hiyo ndiyo sadaka ya mwenye kutoa katika njia yake, mbegu moja ikawa punje mia saba, naye Mola humzidishia amtakaye. Mkulima yeyote anajua kwamba hakuna shamba duniani lenye faida ya namna hiyo.

Lakini aya zinazofuata zikaweka sharti. Malipo hayo ni ya wale ambao hawafuatishi walichotoa kwa masimbulizi wala kwa maudhi. Kisha tukaambiwa jambo ambalo yatupasa tulitafakari sana: neno jema na msamaha ni bora kuliko sadaka inayofuatwa na udhia. Maana yake ni kwamba anayemwambia mhitaji kwa upole kuwa leo hana, ndugu yangu, Mungu akufungulie, amemshinda anayetoa shilingi elfu kisha akamsimanga.

Hapo ndipo ukaja mfano wa pili, katika aya ya 264. Ni mfano wa jabali lililofunikwa na udongo kidogo juu yake. Ukilitazama kwa mbali utadhani ni shamba. Mvua kubwa ikinyesha, udongo wote huchukuliwa na maji, na jabali hubaki tupu, gumu, halioti chochote. Tuzingatie kwamba mvua ni ile ile inayolistawisha shamba la jirani. Kinachotofautiana ni kilicho chini ya udongo. Ndivyo ilivyo sadaka ya mwenye kusimanga na mwenye kutoa ili aonwe na watu. Kwa nje yafanana na sadaka nyingine zote, na siku ya hesabu mwenyewe ataitafuta asiione.

Naye Mtume wetu (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Abu Dharr (R.A.) na kupokewa na Imam Muslim, alimtaja mwenye kusimbulia miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatasema nao Siku ya Kiyama wala hatawatazama. Ni onyo zito, na linamhusu mtu aliyetoa, si bahili.

Masimango ndani ya nyumba zetu

Huenda msomaji akasema, mimi simsimangi maskini yeyote. Na huenda ni kweli, kwa kuwa masimango mengi hayaelekezwi kwa ombaomba wa barabarani. Huyo tumempa sarafu na tumekwenda zetu. Masimango hukaa nyumbani, kwa watu tunaowapa kila siku.

Tuchukue mfano wa mtoto wa ndugu aliyeletwa kulelewa baada ya kufiwa. Amepewa kitanda, amelipiwa karo, amevishwa nguo za Idi sawa na wenzake. Lakini kila anapokosea, kama watoto wote wanavyokosea, huambiwa: kama si sisi, leo ungekuwa wapi? Mtoto wa kuzaliwa akivunja gilasi huambiwa kuwa mwangalifu. Yeye akivunja huambiwa kwamba hana shukrani. Anajifunza kula bila kushiba na kulala bila kupumzika. Mola wetu ametukataza katika Suratudh Dhuha tusimwonee yatima wala tusimkaripie mwenye kuomba, na yatima aliye chini ya dari yetu hana haja ya kuomba kwa mdomo ili awe muhitaji.

Tuchukue mfano wa kijana aliyesomeshwa na mjomba wake au na kaka yake mkubwa. Amemaliza chuo, amepata kazi, na sasa anataka kuoa. Kila uamuzi anaoufanya hupimwa kwa ile karo. Akichagua mke ambaye hakupendezi kwa mfadhili, risiti za shule hufunguliwa upya barazani mbele ya wazee. Msaada umegeuka deni, tena deni lisilokuwa na kiwango wala siku ya mwisho. Lau lingekuwa deni la dukani, angalau angelilipa akawa huru.

Tuchukue mfano wa mke anayepata zaidi ya mumewe. Jambo hili ni la kawaida siku hizi, ambapo biashara zimekuwa ngumu na kazi za bandarini na za hoteli haziaminiki. Mke anaendesha nyumba kwa mshahara wake au kwa mapishi anayouza. Ni wema mkubwa, na tutaueleza malipo yake hapa chini. Lakini neno moja tu likitamkwa mbele ya watoto, au kwenye simu na dada, kwamba mwanamume huyu analishwa na mimi, basi jengo zima la wema limetikisika.

Na tusiwasahau mume anayemhesabia mkewe kila kilo ya unga, mavyaa anayemkumbusha mke wa mwanawe ni nani aliyetoa mahari, na mama mwenye nyumba anayempa msaidizi wake wa kazi nguo kuukuu kisha akawatangazia wageni kwamba gauni lile alilovaa ni langu. Hawa wote wametoa. Swali ni kipi kilichobaki mikononi mwao.

Wahenga wetu walilijua gonjwa hili, wakasema: tenda wema nenda zako. Hawakusema tenda wema ukae mlangoni usubiri. Kwenda zako ndio nusu ya pili ya wema wenyewe.

Pale tunapoumizwa na tuliyemsaidia

Swali gumu zaidi ni hili: tufanyeje pale tuliyemsaidia anapotugeuka? Hapo ulimi huwasha, na kila mtu huona ana haki ya kusimanga. Kisa cha Sayyidna Abubakar (R.A.) ndicho kinachotufunza.

Alikuwako mtu aitwaye Mistah bin Uthatha, jamaa yake Sayyidna Abubakar kwa upande wa mama. Alikuwa muhajiri, aliyehudhuria vita vya Badr, lakini alikuwa fukara, na Sayyidna Abubakar ndiye aliyekuwa akimkimu. Ulipozuka uzushi mkubwa dhidi ya Bibi Aisha (R.A.), Mistah alikuwa miongoni mwa walioubeba kwa ndimi zao. Tufikirie maumivu ya baba huyu. Binti yake ametukanwa heshima yake katika mji mzima, na mmoja wa wasemaji ni mtu anayekula chakula chake. Mwenyezi Mungu alipomtakasa Bibi Aisha kwa aya za Qur'ani, Sayyidna Abubakar aliapa kwamba hatampa Mistah chochote tena.

Ni nani kati yetu angemlaumu? Lakini ikateremka aya ya 22 ya Suratun Nur, ikiwataka wenye fadhila na wasaa wasiape kuacha kuwapa jamaa, maskini na waliohama katika njia ya Mwenyezi Mungu. Wakatakiwa wasamehe na waachilie mbali, kisha wakaulizwa kama wao wenyewe hawapendi kusamehewa na Mola wao. Sayyidna Abubakar akajibu kwamba naam, anapenda asamehewe. Akamrudishia Mistah matumizi yake, na akaapa kutoyakata kamwe.

Tuangalie vizuri mafunzo yaliyomo. Aya haikusema kwamba alichofanya Mistah ni kidogo. Kosa lilikuwa kosa, na hukumu yake ilikuwa na mahali pake. Ilichotufunza ni kwamba riziki ya mtu haifanywi fimbo ya kumpigia. Tukiwa na neno na ndugu yetu, tumwambie kosa lake kama kosa. Tusimletee sahani ya jana kuwa shahidi dhidi yake.

Mkono wa kushoto na jicho la simu

Mtume (S.A.W.) alituhesabia watu saba watakaopata kivuli cha Mwenyezi Mungu siku ambayo hakuna kivuli ila chake. Mmoja wao ni mtu aliyetoa sadaka akaificha, hata mkono wake wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Hadithi hii tunaijua sote. Lakini tumefika zama ambazo sadaka huandamana na simu. Mjane asimama na mfuko wa unga, mchele na mafuta, aambiwa atabasamu, apigwa picha, na kabla hajafika nyumbani kwake picha imekwisha kuingia katika makundi ya WhatsApp ya mtaa mzima. Watoto wake wataiona. Wanafunzi wenzao shuleni wataiona pia.

Hatusemi kwamba kila sadaka ya wazi ni makosa. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Baqarah, aya ya 271, kwamba kuidhihirisha sadaka ni vizuri, na kuificha na kuwapa mafukara ni bora zaidi. Na walipofika Madina watu wa kabila la Mudhar wakiwa hawana viatu na nguo zao ni duni, Mtume (S.A.W.) aligeuka uso kwa huzuni, akawahutubia watu watoe. Akaja Mwansari mmoja na mfuko mzito uliokaribia kumshinda mkononi, watu wakamfuata, hadi yakasimama mafungu mawili ya chakula na nguo, na uso wa Mtume ukang'ara kwa furaha. Hapo ndipo alipotufunza kwamba mwenye kuanzisha mwendo mwema ana malipo yake na mfano wa malipo ya watakaomfuata. Kwa hivyo michango ya msikiti, ya kisima au ya mgonjwa huenda ikahitaji kutangazwa ili watu wahamasike, na wanaokusanya amana za watu wana wajibu wa kuonyesha zilikokwenda.

Lakini kuna tofauti kati ya kuionyesha sadaka na kumwonyesha maskini. Magunia ya mchele yaweza kupigwa picha kabla hayajagawanywa. Hesabu yaweza kuandikwa na kusomwa. Uso wa mama aliyebanwa na shida si hesabu. Mola wetu, katika aya ya 273 ya sura hiyo hiyo, amewasifu mafukara ambao asiyewajua huwadhania kuwa ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia, wasiowang'ang'ania watu kwa kuomba. Hao wako katika kila mtaa wetu. Wanapika maji watoto wasikie sufuria likichemka. Hao ndio watakaokufa na njaa yao ndani kuliko kusimama katika foleni yenye kamera. Kila tunapopiga picha, tunawafungia mlango.

Wanahistoria wametusimulia habari za Ali, mwana wa Sayyidna Hussein (R.A.), aliyejulikana kwa jina la Zainul Abidin. Zilikuwako nyumba katika mji wa Madina zilizokuwa zikipata chakula usiku bila kujua kinatoka kwa nani. Alipofariki, chakula kile kikakatika, na ndipo watu walipojua. Walipomwosha wakaona alama mgongoni mwake, wakaambiwa kwamba ni athari ya mifuko ya unga aliyokuwa akiibeba gizani kuwapelekea mafukara. Mgongo wake ulitoa ushahidi ambao ulimi wake haukuwahi kuutoa.

Nasi hapa pwani tuna urithi wa namna hiyo. Katika miji yetu ya kale, Lamu, Mombasa na Malindi, wapo watu wanaotawadha kwa maji ya wakfu na kusali katika misikiti ya wakfu pasi na kulijua jina la aliyetoa. Yeye yuko kaburini, na thawabu yamfikia kila wakati wa sala. Na tukimtaja Habib Swaleh bin Alwi Jamalilleyl, sharifu aliyetoka Visiwa vya Komoro akaishi Lamu na kufariki mwaka wa 1935, twamkumbuka kwa kuwa aliifungua darasa yake kwa watu waliodharauliwa na wakubwa wa mji, wakiwamo wazao wa watumwa. Ukarimu wake haukuwa wa mali. Aliwapa watu elimu pamoja na mahali pa kukaa wakahesabiwa kuwa watu.

Mkono mrefu

Tungependa sasa tuwaelekee mama zetu na dada zetu, kwa kuwa sehemu kubwa ya ukarimu wa mji hupitia mikononi mwao.

Wake wa Mtume (S.A.W.) walimuuliza siku moja ni nani kati yao atakayetangulia kumfuata baada ya kufa kwake. Akawajibu kwamba ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wote. Wakawa wakipimana mikono. Alipofariki Bibi Zainab bint Jahsh (R.A.), ambaye hakuwa mrefu, ndipo walipofahamu kwamba urefu uliokusudiwa ni wa kutoa. Bibi Zainab alikuwa fundi wa kazi za mikono, akizitengeneza ngozi na kushona, na kile alichokipata alikitoa sadaka. Hakungoja kupewa ndipo atoe. Kila mwanamke wa pwani anayeamka alfajiri kuumua mahamri ya kuuza, au anayekesha akishona, ana mama wa kumfuata katika jambo hili.

Yuko pia Zainab mwengine, mke wa sahaba Abdullahi bin Mas'ud (R.A.). Huyu alikuwa na uwezo kuliko mumewe, na alikuwa akilea mayatima. Alikwenda kuuliza kama yamtosha kutoa sadaka yake kwa mumewe na mayatima hao. Jawabu la Mtume (S.A.W.) lilikuwa kwamba ana malipo mawili, ya ujamaa na ya sadaka. Hayo ndiyo malipo ya mke tuliyemtaja hapo juu. Basi asiyauze malipo mawili kwa neno moja la hasira. Na mume naye ajue kwamba matumizi ya nyumba ni wajibu wake katika sharia, na anachosaidiwa na mkewe ni hisani ya kushukuriwa.

Na yule asiyekuwa na kipato chake, asidhani amekosa mlango. Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwamba mwanamke akitoa katika chakula cha nyumba yake pasi na kuharibu, yeye hupata ujira kwa kutoa kwake, na mumewe hupata ujira kwa kuchuma kwake, bila mmoja kumpunguzia mwengine. Abu Dharr (R.A.) naye aliusiwa kwamba akipika mchuzi azidishe maji na awaangalie majirani zake. Na wanawake wa Kiislamu waliambiwa wasidharau zawadi ya jirani, hata ikiwa ni kwato ya mbuzi. Kwato ni kitu duni kabisa katika mnyama, na hadithi hii yamsemesha mtoaji na mpokeaji pamoja. Wa kwanza asione haya kutoa kidogo. Wa pili asikunje uso.

Hapo ndipo ilipo hekima ya desturi yetu ya kutorudisha sahani tupu. Jirani akituletea mbaazi, sahani yake hurudi na kaimati, au ndizi mbili, au sukari kidogo. Si biashara. Ni njia ya wazee ya kuhakikisha kwamba hakuna anayebaki siku zote kuwa mpewaji. Aliyepokea leo ametoa kesho, na macho yao hukutana mlangoni yakiwa sawa.

Kitu tukipendacho

Heshima ya aliyepewa huanza katika kile kilichomo mkononi. Katika Suratul Baqarah, aya ya 267, tumekatazwa kukusudia kibaya tukakitoa, hali ya kuwa sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Nguo iliyopasuka, viatu vya mguu mmoja uliokwisha, wali uliochacha, hivyo havifai kuitwa sadaka. Nguo ya mtumba iliyofuliwa, ikapigwa pasi na kukunjwa vizuri ndani ya mfuko, ni zawadi. Hiyo hiyo ikitupwa kama takataka ni tusi.

Ilipoteremka aya ya 92 ya Suratu Al Imran, kwamba hatutaufikia wema mpaka tutoe katika tunavyovipenda, Abu Talha (R.A.) alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) kutoa shamba lake la mitende la Bayruha, lililoelekea msikiti, lenye maji matamu ambayo Mtume mwenyewe alikuwa akiyanywa. Ndiyo mali aliyoipenda kuliko zote. Mtume (S.A.W.) alifurahi, akamwelekeza aligawe kwa jamaa zake. Hakuhitaji kulipeleka mbali wakati jamaa wako karibu.

Wala hatutakiwi kujifilisi. Suratul Israi, aya ya 29, imetukataza kuufunga mkono shingoni, na imetukataza pia kuukunjua wote tukabaki tukilaumiwa na kuhuzunika. Arusi ya siku tatu inayoacha deni la miaka mitatu haina jina la ukarimu, maana wanaoshibishwa ni wenye shibe, na wanaolipa ni watoto wa nyumba hiyo.

Adabu ya mwenye kupokea

Tumesema mengi juu ya mtoaji, na haki yataka tuseme machache juu ya mpokeaji. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Mtoaji ameamrishwa asingoje shukrani, na mpokeaji ameamrishwa aitoe. Kila mmoja akishika lake, hakuna atakayeumia. Na asiyekuwa na cha kurudisha, jazakallahu khayran yamtosha, kwa kuwa amemwachia Mola alipe kwa niaba yake. Kisha asifanye mkono wa chini kuwa makazi. Akipata njia ya kujitegemea aishike, na akiwa na uwezo naye ampe mwengine.

Tufanye nini wiki hii?

Kwanza, tumkumbuke mtu mmoja tuliyewahi kumsaidia na ambaye tumezoea kumtaja kwa msaada ule. Tuazimie kutoutaja tena, mbele yake wala nyuma yake, na likitujia neno hilo ulimini tulimeze.

Pili, tuziangalie simu zetu. Ikiwamo picha ya mtu aliyekuwa akipokea msaada, tuifute, na tuwaombe wenzetu katika kundi nao waifute.

Tatu, tumtafute mmoja wa wale wasioomba katika mtaa wetu. Dalili zake ni mlango unaofungwa mapema, mtoto asiyekwenda shule, jiko lisilotoa moshi. Tumfikishie kitu kwa njia asiyoijua. Tuzungumze na mwenye duka amwambie kwamba deni lake limekwisha, na jina letu lisitajwe.

Nne, tuwatume watoto wetu kupeleka sahani kwa jirani, tukiwafunza kubisha hodi, kutoa salamu, kukabidhi kwa mikono miwili na kurudi pasi na kuchungulia ndani. Mtoto aliyefunzwa kutochungulia jikoni kwa jirani atakuwa mtu mzima anayejua kusitiri.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atukubalie tulichokitoa kwa ajili yake, na atusamehe tulichokiharibu kwa ndimi zetu. Ewe Mola, wape wasaa waliodhikika, walinde mayatima walio mikononi mwetu, wasitiri wale waliojisitiri, na ujaalie mikono yetu kuwa mirefu na ndimi zetu kuwa fupi. Amin, ya Rabbal alamin.

Wabillahi tawfiq.